Miguu Myepesi na Mlango wa Shule

Kila matokeo ya mtihani wa kuingia shule ya sekondari yatangazwapo katika nchi yetu, nyumba moja hujaa vifijo na nyumba ya pili hujaa kimya. Lakini iko na nyumba ya tatu, ambayo habari zake hazisemwi sana. Humo mna kijana ambaye alama zake si mbaya wala si nzuri. Ni za katikati tu, nazo hazitoshi kumfikisha katika shule kubwa za bweni zinazogombewa na maelfu. Ila kijana huyo ana miguu. Amewashinda wenzake wote katika mbio, au ametia mpira wavuni mara nyingi kuliko mwingine yeyote wa rika lake. Baada ya siku chache baba yake hupata habari kwamba shule fulani ingependa kumwona mwanawe. Basi mlango uliofungwa na mtihani hufunguliwa na uwanja wa michezo.

Je, jambo hili ni la haki? Wako wasemao kwamba si haki hata kidogo, kwa kuwa nafasi aliyopewa mkimbiaji ameikosa mtoto mwingine aliyekesha akisoma kwa taa. Wako nao wasemao kwamba kipawa ni kipawa, kiwe cha kichwa au cha mguu, na kwamba shule isiyojua kupima ila kwa karatasi ni shule yenye jicho moja. Ubishi huu ni wa zamani sana, wala haukuanzia kwetu. Tukiifuata historia yake tutaona kwamba swali la nani aingie ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni hii: akiisha kuingia, anapewa nini?

Na tuanze Uingereza. Mwaka 1843 ilifunguliwa shule ya bweni mjini Marlborough, iliyokusudiwa hasa watoto wa makasisi. Wavulana walikuwa wengi na walimu wachache. Saa za baada ya masomo hapakuwa na shughuli yoyote iliyopangwa, basi wavulana walizurura mashambani, wakiwinda wanyama wa watu na kugombana na wakulima. Adhabu ilikuwa fimbo, na fimbo ilizaa ukaidi. Mwaka 1851 wanafunzi waliasi, wakavunja vioo na samani, na mkuu wa shule akaondoka.

Mwaka uliofuata akaja mkuu mpya, jina lake G. E. L. Cotton, ambaye zamani alifundisha katika shule ya Rugby chini ya mwalimu mashuhuri Thomas Arnold. Cotton hakuongeza fimbo. Aliwaajiri walimu vijana waliokubali kucheza na wanafunzi wao, akawataka wavulana washinde uwanjani badala ya kushinda vichakani, na katika waraka wake kwa wazazi wa mwaka 1853 akaeleza utaratibu huo. Shule ikatulia. Shule nyingine zikaona, zikaiga. Na katika muda wa miaka hamsini mchezo ukawa kama somo la lazima katika shule za mabwana wa Kiingereza.

Tusilisahau kusudi la Cotton. Mchezo ulikuwa chombo cha malezi ya watoto waliokwisha kuingia shuleni. Haukuwa kipimo cha kuwachagua. Lakini chombo kikisifiwa sana hugeuka kuwa lengo. Kufikia mwisho wa karne ya kumi na tisa, nahodha wa timu alikuwa akiheshimiwa na wenzake kuliko mwanafunzi wa kwanza darasani, na zilikuwako shule zilizopenda kumwajiri mwalimu mchezaji kuliko mwalimu msomi.

Mfano ulio wazi zaidi wa mawazo hayo haukutokea Uingereza bali Sudan, iliyokuwa jirani yetu wa kaskazini hadi mwaka 2011. Tangu mwaka 1899 nchi hiyo ilitawaliwa kwa jina la Uingereza na Misri, na Waingereza wakaunda huko utumishi wa maofisa wa kutawala majimbo. Waliotaka kwenda kutawala India walifanya mtihani mgumu wa kushindania. Waliotaka Sudan waliitwa mbele ya baraza la wazee, wakaulizwa maswali, wakatazamwa umbo na mwenendo. Wengi waliochukuliwa walikuwa wachezaji waliopata kuviwakilisha vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na ambao kwa sababu hiyo walikuwa na haki ya kuvaa vazi la buluu. Shahada za baadhi yao zilikuwa za daraja la chini, lakini hilo halikuwazuia. Watu wakatania kwamba Sudan ni nchi ya Weusi inayotawaliwa na Mabuluu.

Wakubwa wao walikuwa na hoja. Walisema kwamba mtu aliyevumilia matope na maumivu uwanjani atavumilia jua na upweke wa jangwani, na kwamba aliyezoea kuongoza wachezaji kumi na wanne hatashindwa kuongoza wilaya. Huenda kuna ukweli kidogo katika maneno hayo. Lakini kuna jambo walilolipita kimyakimya: Wasudani wenyewe hawakuulizwa kama wangependa kutawaliwa na mtu anayejua sheria na lugha, au na mtu anayejua kukimbia na mpira. Kipimo kilimfaa mchaguzi na mchaguliwa; hakikumfikiria mtu wa tatu. Kila tukizungumza habari za kumpa mtu nafasi kwa ajili ya mchezo, hatuna budi kumkumbuka mtu huyo wa tatu.

Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902, alijaribu kuvilinganisha vitu hivi viwili. Katika wasia wake alitoa mali ya kuwasomesha vijana Oxford, akaagiza kwamba wasichaguliwe kwa ubingwa wa vitabu peke yake. Wapimwe elimu, wapimwe mapenzi yao kwa michezo, wapimwe tabia, na wapimwe uwezo wa kuongoza. Rhodes aliwatenda Waafrika mabaya mengi kusini mwa bara hili, na wasichana hawakuruhusiwa kuomba nafasi hizo mpaka miaka ya 1970. Hata hivyo, wazo la kuweka mchezo kwenye mizani pamoja na elimu, bila kuufanya mchezo kuwa mizani yenyewe, lilidumu na kuenea.

Sasa turudi nyumbani. Michezo ya Kiingereza ililetwa Kenya na wamisionari pamoja na vitabu. Huko Maseno, na baadaye katika Shule ya Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, mpira wa miguu na riadha vilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Edward Carey Francis, bingwa wa hesabu kutoka Cambridge, alifika Maseno mwaka 1928, akaiongoza Alliance tangu 1940 hadi 1962. Aliupenda mpira, lakini hakuwa mtu wa kusahau hesabu kwa ajili ya kombe. Katika Alliance ya siku zile mtihani ndio uliokuwa lango, na mchezo ulikuwa ndani ya ua. Ulikuwa wajibu wa kila mtoto aliyekwisha kuingia, awe hodari au asiwe hodari.

Sababu ya ukali wa mtihani ilikuwa uchache wa nafasi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 tu, zenye wanafunzi kama elfu thelathini. Nafasi zikiwa chache hivyo, alama moja ingeweza kugeuza maisha ya mtoto, na wazazi wengi waliona mchezo kuwa anasa. Lakini katika miaka hiyohiyo dunia ilianza kutuambia jambo jingine. Mwaka 1964 mjini Tokyo, Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki. Mwaka 1968 mjini Mexico, Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino walileta dhahabu. Tangu hapo kijana mwenye miguu alitazamwa kwa jicho jipya, na vyuo vikuu vya Marekani vikaanza kutuma barua.

Kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, katika mji wa Iten ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ipo shule ya bweni iitwayo St. Patrick's. Ilianzishwa na mabruda Wakatoliki kutoka Ireland. Mmoja wa wanafunzi wake wa awali alikuwa Mike Boit, mzaliwa wa Nandi, aliyepata nishani ya shaba katika mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1976 akafika pale bruda kijana, Colm O'Connell, aliyekuja kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea riadha. Alimsaidia kwanza Mwingereza Peter Foster aliyekuwa akiwafundisha wakimbiaji, na Foster aliporudi kwao, kazi ikabaki mikononi mwake. Alikuwa amekusudia kukaa muda mfupi, lakini Iten ikawa maskani yake.

Kutoka uwanja ule wa udongo walitokea watu ambao majina yao yalijaa dunia. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, akashinda ya Boston mara tatu. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 21. Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu. Shuleni hapo ikawako desturi ya kupanda mti kwa heshima ya kila bingwa, hata ua wa shule ukawa kama kitabu cha kumbukumbu chenye majani mabichi.

Habari kama hizo haziwezi kukaa bila kuwavuta watu. Kijana mwenye alama za katikati na miguu myepesi sasa alijua pa kwenda kubisha hodi. Shule jirani nazo zilifaidika. David Rudisha, aliyekuwa mwanafunzi wa Bruda Colm katika mbio, hakusoma St. Patrick's kama wengi wanavyodhani, bali alisoma katika Shule ya Kimuron, Iten kulekule. Shule ya wasichana ya Sing'ore nayo ikajulikana kwa wakimbiaji wake. Na katika sehemu nyingine za nchi, kama Kakamega na Kitale, shule za bweni zilijipatia jina kwa mpira wa miguu, na vijana wakazitamani kwa ajili hiyo.

Hapa ndipo penye jaribu. Shule ikionja utamu wa kombe, huanza kutafuta wachezaji kama mfanyabiashara atafutavyo bidhaa. Si siri kwamba wako vijana waliochukuliwa shule hii wakapelekwa shule ile kwa sababu ya mashindano ya msimu mmoja. Kwamba wengine walipunguziwa umri katika karatasi. Na kwamba kombe lilipokwisha kubebwa, hapakuwa na mtu aliyeuliza kama wamefaulu mtihani wa mwisho. Kijana wa namna hiyo anadhani amepewa elimu. Kwa kweli amekodishwa, na kodi imelipwa kwa chakula cha bwenini.

Tutazame sasa maisha ya watu wawili, maana historia hufundisha vizuri zaidi ikiwa na sura za watu. Wote wawili walizaliwa Nandi. Wote wawili walivuka bahari kwenda kusoma Marekani kwa nguvu ya miguu yao. Na wote wawili walipatwa na msiba uleule: Kenya ilisusia Olimpiki ya mwaka 1976, ikasusia na ile ya 1980, basi katika miaka waliyokuwa katika ubora wao hawakupata kusimama mahali ambapo pengine wangeshinda.

Wa kwanza ni Henry Rono. Alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mahali ambapo Wakenya wengine kadha walikuwa wakikimbia. Mwaka 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 za viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Ilikuwa ajabu isiyopata kuonekana. Kila mwenye mashindano alimtaka, na kila wiki ilikuwa na uwanja wake. Lakini kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 2007, ulevi ulimwingia, fedha zikapotea, na kuna wakati alikosa hata mahali pa kulala. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu alipata kubeba mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege. Baadaye alijishinda, akaacha pombe, akawafundisha vijana mbio. Alirudi Kenya katika uzee wake, akafariki mwezi wa Februari mwaka 2024. Kujiinua kwake baada ya kuanguka ni jambo la kuheshimiwa kama rekodi zake.

Wa pili ni Mike Boit, yule wa Iten. Naye alikimbia kote duniani, na mwaka 1978 akashinda mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Lakini kila alipokimbia alikuwa na daftari lake karibu. Alipata shahada ya kwanza, akaendelea mpaka akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon. Alirudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo, na kisha profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu yake ilipochoka, kichwa chake kilikuwa tayari kupokea mzigo.

Isije mtu akasema kwamba mmoja alikuwa mwema na wa pili mbaya. Mambo ya binadamu hayapimwi hivyo. Tunachokiona ni kwamba mwili una msimu wake, na msimu ukiisha, waliokuwa wakiupenda mwili huo hutawanyika. Wazee wetu walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kijana atakayeufikia ukingo huo akiwa na elimu ataona mbele yake kuna ardhi nyingine. Asiye nayo ataona shimo.

Wamarekani, ambao wameufanya uchaguzi wa wachezaji kuwa kazi yenye taratibu nyingi, wamelazimika kuliwekea jambo hili mipaka. Huko New England ziko shule za bweni za zamani sana, kama Andover ya mwaka 1778 na Exeter ya mwaka 1781, ambazo timu zao za mpira wa Kimarekani zilianza kushindana mwaka 1878. Kijana mchezaji akitaka kuingia katika shule za namna hiyo, mwalimu wa michezo anaweza kumwombea kwa wanaochagua wanafunzi, lakini neno la mwisho si lake. Wachaguzi huuliza: je, mtoto huyu atayaweza masomo yetu? Na kwa yule ambaye amemaliza sekondari lakini alama zake hazijatosha, ziko shule zinazompokea kwa mwaka mmoja zaidi, ili akomae mwilini na kurekebisha masomo kabla ya kwenda chuo kikuu. Hata vile vyuo vikuu vinane vya kale vya mashariki, miongoni mwao Harvard na Yale, vina kipimo cha alama kinachozuia mchezaji asiwe nyuma mno ya wenzake darasani. Mlango wa mchezo upo, lakini una kizingiti.

Jambo la kufurahisha ni kwamba aliyekigeuza kipimo hiki juu chini ni Mike Boit yuleyule. Mwaka 2004 yeye pamoja na Mmarekani John Manners, aliyewahi kufundisha Kenya, walianzisha mpango wa kuwapeleka vijana wa Bonde la Ufa katika vyuo vikuu bora vya Marekani. Hawakuanza kwa kuwatafuta mabingwa wa mbio. Walianza kwa kuwatafuta waliofaulu sana mtihani wa kidato cha nne, hasa watoto wa maskini, ndipo wakawaweka kwenye uwanja wa Iten wakimbie mita 1,500. Wengine hawakuwa wamepata kushindana maishani mwao. Aliyeonyesha dalili ya wepesi, wepesi huo uliongezwa kwenye barua yake ya maombi kama kitoweo juu ya chakula. Kichwa kilikuwa ugali na mguu ulikuwa mchuzi. Mtu aliyepitia mwenyewe mlango wa riadha ndiye aliyeona hekima ya kupanga vitu kwa namna hiyo.

Katika siku zetu hizi swali hili limeingia hata katika mtaala. Mfumo mpya wa elimu ya Kenya umeigawa sekondari ya juu katika njia tatu, na mojawapo ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Kwa mara ya kwanza kijana hodari wa michezo hahitaji kuingia shule kubwa kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa kipawa chake kimetambuliwa kuwa elimu. Ni hatua njema. Lakini mtaala hauna uwezo wa kumlazimisha mkuu wa shule amjali mchezaji baada ya kombe, wala wa kumlazimisha mchezaji afungue kitabu baada ya mazoezi.

Basi tumerudi kwa kijana wetu wa nyumba ya tatu, ambaye barua imemfikia. Je, aende? Na aende, asione haya, kwa maana mguu wake ni kipawa cha kweli, na wengi waliopita kabla yake waliijengea nchi hii jina. Lakini kabla ya kutia sanduku lake kwenye gari, yeye na wazazi wake wamwulize mkuu wa shule maswali haya: Wachezaji waliokuja miaka iliyopita wako wapi leo? Wangapi walimaliza kidato cha mwisho, na kwa alama gani? Siku za mashindano zikiisha, ni nani huwafidia masomo waliyoyakosa? Nikivunjika mguu muhula wa kwanza, nitabaki mwanafunzi wenu? Shule yenye majibu ya maswali hayo ni shule kweli. Isiyo na majibu ni soko tu lenye kengele.

Naye kijana akiisha kuingia, amkumbuke yule mtu wa tatu, mtoto asiyemjua, ambaye angalikaa kwenye dawati lake. Deni lake kwa mtoto huyo halilipwi kwa kombe, kwa kuwa kombe hubaki katika kabati la shule. Hulipwa kwa kusoma.